Masaa ya usiku ilipotelea njiani

Bandugu wafanyakazi, na bamama wenye kungojea mushahara kule nyumbani, miezi mitatu bulletin zetu zilihesabu masaa ya usiku sawa masaa ya muchana. Tulilalamika. Bureau ya paie ikakubali kosa, kisha ikasema programu imetengenezwa. Mwezi ukaisha, bulletin ikatoka, franga ni zile zile. Hapo maneno ikaanza kwa cité: badélégué bamekula.

Hatukula kitu. Nilienda kukaa na kijana mwenye kuandika programu ile ya mishahara, mutoto wa mufanyakazi wa forage. Akafungua ordinateur yake: kazi iko, tarehe iko. Hakusema uongo. Lakini mashini ya paie haikuiona.

Juu ya nini? Programu ile inachungwa mahali pawili. Pa zamani ni Subversion, iliyoanza mwaka 2000: ghala ni moja, na mashini ya paie inasoma paka pale, kwenye shina lenye kuitwa trunk. Vijana wao wanatumika na Git, ile Linus Torvalds aliyoanzisha mwaka 2005, na kila mutu iko na nakala nzima kwake. Katikati kuna daraja, git-svn.

Shida ni kwamba neno «tawi» halina maana moja pande zote mbili. Kwa Subversion, tawi ni nakala ya folda, iko na mahali pake. Kwa Git, ni sawa jeton yako kwenye lampisterie: ukiitosha kwa musumari huu na kuitundika kwa ule, jeton imehama, lakini hakuna kazi mupya iliyofanyika.

Kijana alitengeneza masaa ya usiku kwenye tawi la pembeni, kisha akaambia Git iliunganishe na shina. Kwa kuwa shina halikuwa na badiliko jipya, Git ilihamisha jeton tu mpaka mwisho wa tawi. Na daraja halisomi jina la jeton. Linasoma mustari wa git-svn-id, ulioandikwa chini ya kazi ya mwisho iliyopita Subversion, sawa adresi juu ya bahasha. Adresi ile ilikuwa ya tawi. Basi kazi ikatumwa tena kwenye tawi, trunk ikabaki vile ilivyokuwa, na hakuna kosa lililoonekana kwa écran. Mustari mumoja, bandugu! Na sisi tulikuwa karibu kugoma.

Alirudisha shina mahali pake, akaunganisha tena na --no-ff, yenye kulazimisha Git iandike badiliko jipya juu ya shina lenyewe. Mbele ya kutuma akapiga git svn dcommit --dry-run. Hiyo haitumi kitu, inaonyesha tu adresi ambako kazi itaenda. Nilisoma mwenyewe neno trunk. Nikamwambia: sasa tuma. Subversion inapatia kila badiliko namba yake. Aliniandikia namba ile kwa karatasi, nikaipeleka kwa bureau.

Bulletin iliyofuata ilikuwa na masaa ya usiku. Lakini kutengeneza programu hakurudishi franga za nyuma. Rappel ya miezi mine bado tunaidai, na mwenye kuwa na bulletin zile asizitupe, azilete kwa délégué wa équipe yake.