Tumbo la Punda Lina Wajumbe Wake

Leo tuzungumze juu ya punda, yule anayetuchotea maji na kututolea mavuno shambani. Akiugua kwato, mzigo unarudi kichwani kwa mama. Basi tujiulize: punda amekula mahindi akashiba, kwa nini aumwe miguu?

Jibu liko tumboni. Utumbo hausagi chakula tu, bali pia hutuma habari. Chakula kikifika, humwaga katika damu vipande vidogo sana vya protini viitwavyo peptidi. Hao ndio wajumbe. Mwaka 1902, huko London, wataalamu Bayliss na Starling walikata mishipa ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi ndani yake. Kongosho likatoa maji yake ya kuyeyushia chakula vilevile! Habari ilikuwa imepita kwenye damu. Mwaka 1905 Starling akawapa wajumbe wa namna hii jina la homoni.

Katika farasi, mjumbe mmojawapo anaitwa GLP-1. Sukari ya chakula ikifika utumboni, yeye hulihimiza kongosho litoe insulini, na insulini huitoa sukari kwenye damu ikatumike mwilini. Kwa kiasi, ni jambo jema. Lakini farasi na jamaa yake punda wameumbwa kula majani kidogo kidogo kutwa nzima. Hata kibofu cha nyongo hawana; nyongo yao huchuruzika muda wote. Mnyama wa namna hiyo ukimmwagia debe la mahindi, insulini inaweza kupanda mno, hasa akiwa mnene. Wanga unaobaki nao huchachuka katika utumbo mpana na kuleta msokoto wa tumbo.

Je, insulini nyingi inadhuru kwato kweli? Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliipitisha katika damu ya farasi wadogo, poni, waliokuwa wazima kabisa. Kabla ya saa 72 kwisha, wote walikuwa wanaumwa kwato.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, chakula cha punda kiwe majani makavu na mabua. Nafaka na pumba visizidi.

Pili, ukibadili chakula, badili polepole kwa muda wa wiki mbili.

Tatu, funga ghala. Punda akivamia mahindi, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje achechemee.

Nne, kwato zikiwa na joto, naye anakanyaga kwa woga na hataki kugeuka, mpumzishe mahali laini. Usimpige!

Tano, punda mnene usimkondeshe kwa kumnyima chakula ghafla. Mafuta yatajaa katika damu yake, na anaweza kufa.

Haya, ndugu zangu, chungeni tumbo la punda mpate kuponya miguu yake. Kwaherini, tukutane kipindi kijacho.