Minyoo wa Msonobari: Mkia Unaobeba Jina (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliwaacha minyoo wetu majini. Vipande vya ubao wa msonobari tulivilowesha ndani ya faneli, na baada ya siku moja au mbili nematodi wakajitoa na kuzama chini. Sasa tuulizane: ni akina nani hawa?

Wengi hawana hatia; hula kuvu katika mti uliokwisha kufa. Anayetafutwa ni Bursaphelenchus xylophilus, anayeua msonobari ulio hai, naye huhamia mti mwingine akiwa ndani ya mirija ya pumzi ya mbawakavu. Urefu wake haupiti sana milimita moja. Chini ya hadubini, mtaalamu huangalia kama jike ana kijikunjo cha ngozi kilichofunika tundu la uzazi, na kama vijiti viwili vya dume vya kupandia vina ncha iliyotanuka mfano wa kisahani. Hapo ukoo umejulikana, jina bado. Jina hutafutwa mkiani mwa jike: wa xylophilus umeviringana, wa ndugu yake B. mucronatus una kijincha kilichochongoka.

Laiti ingekuwa hivyo kila mahali! Amerika Kaskazini wapo xylophilus wenye kijincha vilevile. Kwa hiyo mimi sikubali hukumu ya mkia peke yake. DNA nayo ipimwe: kipande chake hukatwa kwa vimeng'enya, na urefu wa vipandevipande hutenganisha spishi hizi mbili.

Japani yatuonyesha gharama ya kuchelewa kumjua mnyoo. Misonobari ya Nagasaki iliripotiwa kufa tangu 1905, na kwa miaka mingi lawama zikawaangukia wadudu watoboao miti. Mwaka 1971 watafiti Kiyohara na Tokushige wakawatia nematodi katika miti yenye afya, miti ikanyauka. Mwaka uliofuata mnyoo akapewa jina jipya, B. lignicolus, kana kwamba hajapata kuonekana popote. Kumbe wanasayansi Steiner na Buhrer walikwisha kumweleza mwaka 1934, kutoka mbao za Louisiana, Marekani, isipokuwa walimweka katika jenasi nyingine. Majina yalipounganishwa mwaka 1981, ikaeleweka kwa nini misonobari ya Amerika humstahimili na ya Japani hufa: kule ni kwao, huku ni mgeni.

Mwaka 1999 mgeni huyohuyo alitambuliwa Ureno. Juma lijalo tutamfuata huko, pamoja na mbawakavu aliyembeba.