Kisomo cha Mzazi na Mtoto katika Nchi ya Wanyiha: Mfano wa Igamba

Neno kisomo, kwa asili yake, lina maana ya kitendo cha kusoma au namna ya kusoma. Katika Tanzania, tangu miaka ya 1970, limekuwa jina la mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu wapewayo watu wazima. Liko pia neno ngumbaru, litumikalo sana katika mazungumzo, lakini hilo lina mzaha ndani yake, na mtu mwenye heshima zake huona haya kuitwa kwalo. Maneno yote mawili yana upungufu mmoja: humtenga mwanafunzi na nyumba yake. Mkubwa huenda kisomoni, mdogo huenda shuleni, na jioni wakutanapo nyumbani hapana jina liwezalo kuyaita masomo yao kuwa ni jambo moja. Makusudi ya makala haya ni kueleza namna ya kuendesha kisomo kiwashikacho wote wawili pamoja, na kuonyesha kwamba, katika mahali kama Igamba, jambo la kwanza lipasalo kuamuliwa si saa ya darasa wala fedha, bali ni kazi ya kila lugha.

Igamba ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Wenyeji wa Mbozi ni Wanyiha, wakulima wa mahindi, maharage na kahawa. Upande wa Tunduma na mpaka wa Zambia ni nchi ya Wanyamwanga, na upande wa Ileje wako Wandali na Walambya. Barabara kuu itokayo Mbeya yapita Mlowo na Vwawa mpaka Tunduma, na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, nayo yapita Tunduma. Kwa njia hizo watu na maneno huingia kila siku. Kinyiha ni lugha ya nyumbani kwa wengi. Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko, na ya ofisi ya kijiji.

Yafaa kukumbuka kwamba kusoma katika nchi hiyo hakukuanza kwa Kiswahili peke yake. Wamisionari wa Moravian walifika Mbozi mwaka 1899, na mmoja wao, Traugott Bachmann, alijifunza Kinyiha na kufasiri Agano Jipya, lililopigwa chapa mwaka 1913. Baadaye Joseph Busse alitoa kitabu juu ya lugha hiyo, mwaka 1960. Tangu mwaka 2003 kazi ya kuandika Kinyiha na lugha za jirani imeendelezwa na SIL kutoka mjini Mbeya. Hivyo Kinyiha si lugha isiyo na maandishi. Lakini maandishi yake yalikaa zaidi kanisani, na maandishi mengine yote, tangu tangazo la mkutano hata kitabu cha darasa la kwanza, yalikuwa ya Kiswahili.

Kampeni kubwa ya kisomo nayo iliendeshwa kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wilaya sita zikateuliwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa mwaka 1971: Mafia, Masasi, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, na Rungwe, ambayo haiko mbali na Mbozi. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa karibu asilimia 67. Mitihani ya taifa ilionyesha wamepungua kuwa asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, na asilimia 9.6 mwaka 1986. Ni nchi chache zilizofanya hivyo kwa muda mfupi namna ile.

Walakini sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wajuao kusoma na kuandika, miongoni mwa wenye miaka 15 na zaidi, ni asilimia 78 tu. Hesabu hizi mbili hazikupatikana kwa njia moja, maana ya kwanza ilitoka katika mitihani na ya pili katika majibu ya watu mlangoni. Kwa hiyo si haki kuzipambanisha kana kwamba ni kipimo kimoja. Lakini zatosha kuonyesha kwamba ushindi wa mwaka 1986 haukudumu. Sababu ni nyingi: uchumi ulidhoofika, fedha za vitabu na magazeti ya vijijini zikapungua, walimu wa kujitolea wakachoka. Iko sababu nyingine isiyotajwa sana. Kusoma kulikofundishwa darasani hakukupewa kazi nyumbani. Mtu aliyehitimu akarudi katika nyumba isiyo na kitabu, isiyo na mtu wa kusoma naye, wala kitu cha kuandika kwa lugha aisemayo humo.

Hapo ndipo kisomo cha jamaa kinapopata maana yake. Katika Uganda shirika la LABE, lililoanzishwa mwaka 1989, lilijaribu mpango wa namna hiyo katika wilaya ya Bugiri: wazazi walijifunza kusoma, watoto wao wa madarasa ya chini wakasaidiwa, na vikawekwa vipindi vya kukaa pamoja. Jambo la kuigwa ni kwamba somo la mzazi lilifungwa na somo la mtoto, kila mmoja akawa na sababu ya kumwuliza mwenzake.

Kabla ya kuuleta mpango kama huo Igamba, hapana budi kuulizwa mzazi ni nani. Ukitangaza kwamba wazazi wanatakiwa shuleni, huenda wakaja mama peke yao, au wasije kabisa walezi walio karibu zaidi na mtoto. Katika nyumba za Kiafrika baba mkubwa ni baba, mama mdogo ni mama, na mara nyingi bibi ndiye akaaye na wajukuu wakati wengine wako shambani au wamekwenda Tunduma kutafuta riziki. Neno familia lina ufinyu wa ugenini. Neno kaya lina harufu ya hesabu za serikali. Yaelekea neno jamaa ndilo lifaalo zaidi, na mwaliko wapasa kumtaja mlezi, yeyote aliye mkubwa alalaye nyumba moja na mtoto.

Baada ya hayo laja swali la lugha. Kiswahili ni rahisi kufundishwa kwa silabi, kwa kuwa herufi zake hazibadili sauti na silabi zake aghalabu huishia kwa irabu. Mtu wa Igamba aliyekariri ba, be, bi, bo, bu aweza kuusoma ukurasa kwa sauti baada ya miezi michache. Wepesi huo una hila ndani yake. Msomaji hutamka yote na mwalimu humsifu, kumbe hakuelewa nusu yake. Kwa mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani, hatari hiyo ni kubwa zaidi, maana hapana mtu wa kuitambua: mwalimu asikia sauti safi, na mzazi asiyejua kusoma adhani mtoto amekwisha kufahamu.

Kinyiha chaweza kuwa dawa, si kizuizi. Chukua neno mtu. Mwanafunzi aliyezoea jedwali la silabi husita hapo, kwa sababu m imesimama peke yake bila irabu, na pengine husoma mutu. Akisahihishwa tu, atasahau. Lakini mlezi asemaye umuntu, na kwa wingi abhantu, anao ufunguo mdomoni mwake. Akionyeshwa kwamba m ya Kiswahili ni mu ya zamani iliyopoteza irabu yake, ataona papo hapo kwa nini m hiyo ni silabi kamili, na ataitambua tena katika mtoto, mlango na mkulima. Hali kadhalika umwana na abhana humwandaa kwa mwana na wana. Ngeli, ambazo kwa mgeni wa lugha za Kibantu ni mzigo, kwake ni mali ya nyumbani. Yaliyo mageni kweli ni machache, kama vile sauti dh, th na gh zilizotoka katika Kiarabu, na hayo yapasa kupewa muda wake.

Kwa hiyo kazi za lugha zaweza kugawanywa hivi: Kinyiha kibebe maana, Kiswahili kibebe kitabu. Mkutano mmoja kwa juma watosha, wa jamaa 10 au 15, wakiongozwa na mwalimu wa kisomo pamoja na mwalimu wa darasa la kwanza au la pili. Kwanza wakubwa hukaa peke yao, wakasoma maandishi yanayowahusu: stakabadhi ya kahawa waliyopimiwa katika chama cha ushirika, kadi ya kliniki ya mtoto, tangazo la kijiji, taarifa ya maendeleo itokayo shuleni. Wakati huo watoto husomewa hadithi. Kisha pande mbili huunganishwa. Mlezi hutoa kitendawili au ngano kwa Kinyiha, mtoto huandika awezayo, na wote wawili hutafuta maneno ya kuisema kwa Kiswahili. Karatasi hiyo huingizwa katika daftari la nyumba, likaenda nyumbani na kurudi.

Daftari hilo lastahili kuangaliwa sana, kwa kuwa ndani yake mlezi si mwanafunzi tu. Yeye ndiye mwenye hadithi. Mtoto ndiye mwenye kalamu. Hapana anayemwaibisha mwenzake. Mithali isemayo samaki mkunje angali mbichi mara nyingi hutajwa kuwakatisha tamaa wakubwa, lakini hapa mkubwa hakunjwi. Yeye atoa alicho nacho. Na baada ya mwaka nyumba itakuwa na kitabu kilichoandikwa humo humo, jambo lililokosekana katika kampeni ya zamani.

Majira nayo yaheshimiwe. Mvua za Mbozi ni za msimu mmoja, tangu Novemba mpaka Aprili au Mei. Wakati wa kupanda na kupalilia hakuna mtu mwenye nafasi, na mavuno ya mahindi na kahawa yafuata mvua zikiisha. Ratiba itungwe na wakulima wenyewe, na iwe na likizo yake isiyolazimika kulingana na likizo ya shule.

Yako mapingamizi mawili yenye nguvu. La kwanza ni la wazazi wenyewe, ambao husema hawakumpeleka mtoto shule ajifunze Kinyiha, maana hicho anacho. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kwamba Kinyiha hakifundishwi hapo. Chatumiwa kukagua kama Kiswahili kimeeleweka. La pili ni kwamba si kila nyumba ya Igamba ni ya Wanyiha. Wamo wageni waliooa, walioolewa, na waliofuata ardhi au biashara. Lakini mpango huu haumtaki mwalimu ajue lugha zote. Kila nyumba huja na lugha yake, na ajuaye lugha hiyo ni mlezi, si mwalimu. Wala hapana kinyume na sheria: shule ya msingi hufundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yahimiza lugha za jamii zitafitiwe, ziandikwe na kuhifadhiwa.

Lililobaki ni kipimo. Kumwambia mtoto asome kwa sauti hakutoshi. Asome hadithi fupi ya Kiswahili, kisha afunike kitabu na kumsimulia bibi yake kwa lugha ya nyumbani, na bibi aulizwe kama hadithi imekamilika. Mwanamke huyo, hata kama hajui herufi moja, ndiye mtahini aliye bora kuliko wote, kwa kuwa yeye hasikilizi sauti bali maana. Mpango utakaompa kazi hiyo tangu siku ya kwanza utakuwa umemwingiza katika kusoma kabla hajashika kalamu. Na utakaomwacha nje ya darasa utakuwa umerudia kosa la kuifundisha shule na kuisahau nyumba.