Taa ya tahadhari ikiwaka katika boti: Hatua za kuchukua kabla injini haijafa

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam hutumia mapumziko ya mwisho wa juma kwenda kwa boti katika visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Safari yenyewe ni fupi, lakini injini ikizimika njiani ufupi huo hausaidii kitu. Boti isiyo na nguvu husukumwa na upepo na mkondo, na miamba haiko mbali.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba taa ya tahadhari haimaanishi kuwa injini imekwisha kuharibika. Kwa kawaida huwaka, mara nyingi pamoja na king'ora, wakati bado upo muda wa kuiokoa. Injini nyingi za kisasa hupunguza kasi zenyewe ili kujikinga. Nahodha anayelazimisha kasi ndiye anayegeuza hitilafu ndogo kuwa hasara kubwa.

Kabla ya kugusa injini, tazama boti inaelekea wapi. Ikiwa inasukumwa kwenye mwamba, teremsha nanga kwanza na hakikisha kila abiria amevaa jaketi la kuokolea maisha.

Taa ya joto

Injini inayofungwa nyuma ya boti hupozwa kwa maji ya bahari yanayovutwa na pampu. Dalili kwamba pampu inafanya kazi ni mchirizi mwembamba wa maji unaoruka kutoka ubavuni mwa injini.

Taa ya joto ikiwaka, punguza kasi, weka gia huru na utazame mchirizi huo. Kama hautoki, zima injini na uinyanyue. Mara nyingi utakuta mfuko wa plastiki au mwani umeziba matundu ya kuvutia maji karibu na rafadha. Uondoe, acha injini ipoe, kisha iwashe tena. Usiimwagie maji ya bahari kwa nia ya kuipoza haraka, kwani chuma chenye moto kinaweza kupasuka.

Ikiwa matundu ni safi na mchirizi bado hautoki, zibua tundu lake la kutokea kwa kipande cha mshipi wa kuvulia. Isipofaa, huenda mapezi ya mpira ndani ya pampu yamechakaa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Taa ya oili

Taa hii haina mjadala. Katika injini ya mipigo minne, ikiwaka kuashiria shinikizo dogo la oili, zima mara moja. Subiri oili itulie, kisha pima kwa kijiti chake. Ikiwa imepungua, ongeza ya aina inayotakiwa. Ikiwa kiwango ni sahihi na taa haizimiki, usiwashe tena, omba kuvutwa.

Injini inayokata moto

Injini ikienda vizuri kwa dakika chache kisha ikafifia, angalia tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi. Likiwa limefungwa, hewa haiingii na petroli haivutiki. Dalili yake ni pampu ndogo ya mpira iliyo katika njia ya mafuta kunywea.

Chanzo kingine ni maji ndani ya petroli. Kwa kuwa maji ni mazito zaidi, hukaa chini ya kikombe cha chujio, na ndipo yanapoweza kumwagwa. Usivute sigara unapofanya kazi hiyo.

Injini isiyowaka kabisa

Ikiwa hailii kabisa, hakikisha gia iko huru, kisha kagua vichwa vya betri. Chumvi hula nyaya, na waya uliolegea hutosha kukata umeme. Ikiwa inazunguka bila kuwaka, tazama kamba ya usalama ambayo nahodha hujifunga. Ikichomoka, injini haiwaki hata ufanyeje.

Injini ikiwa inafanya kazi, betri ya volti 12 husoma takribani volti 13.5 hadi 14.5. Chini ya 12.5, huenda haichajiwi. Usizime injini hadi ufike, maana inaweza isiwake tena.

Kabla ya kuondoka

Beba plagi za akiba, fyuzi, chujio la mafuta, oili, spana, makasia na nanga yenye kamba ya kutosha. Mwachie mtu wa nchi kavu habari za uendako na saa ya kurudi. Mwenye redio ya VHF aombe msaada kupitia chaneli 16, kwani simu ya mkononi huweza kukosa mtandao au kulowa.

Kila urudipo, safisha njia za maji za injini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu, na usipoziba ufa, utajenga ukuta.