Kabla ya Kuilaumu Redio, Ichunguze Adapta

Nilipokuwa Matuu kikazi, kila baada ya swala ya Isha nilifungua redio yangu ya masafa mafupi kuwasikiliza waendeshaji redio wa ridhaa kwenye mita 40, yaani megahezi 7 hadi 7.2. Usiku mmoja sikupata sauti ila mngurumo. Fundi mmoja akanambia redio imekufa, ninunue nyingine. Kabla ya kutoa pesa, niliichomoa kwenye umeme nikatia betri. Kelele ikakoma. Redio ilikuwa nzima. Mbovu ilikuwa adapta.

Ndugu msomaji, nawe anza na betri. Kelele ikibaki, zima swichi kuu ya nyumba. Ikikoma, inatoka kwa chaja za simu, taa za LED au vyombo vingine vya ndani. Washa kimoja kimoja umjue mkosaji. Isipokoma, huenda inatoka kwa jirani, kwa mitambo ya sola, au redioni kwenyewe.

Sikiliza pia aina ya kelele. Mvumo mzito usiobadilika mara nyingi ni kapasita iliyochoka katika adapta nzito ya transfoma. Kelele inayojirudia kila unaposogeza masafa kidogo ni ya adapta nyepesi za kisasa, zinazokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Zungusha waya wake mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, au uibadilishe. Usiifungue: kapasita huweza kubaki na umeme hata ukishaichomoa.

Mimi, alhamdulillahi, nilinunua adapta tu. Redio ni ile ile.