Gurudumu likilia, lisikilize

Mwezi huu tuongee juu ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani lakini kinabeba watu: beringi ya gurudumu la pikipiki. Waliosoma Kifaransa huiita roulement.

Kaka yangu mkubwa alikuwa anaendesha teksi-moto Mutanga Sud, kule Bujumbura. Mtaa ule uko kwenye mteremko: milima iko juu, Ziwa Tanganyika liko chini. Gurudumu la mbele likaanza kulia kama nyuki. Alisikia. Lakini pikipiki haikuwa yake. Kila jioni mwenyewe alingoja pesa yake, na sisi nyumbani tulingoja unga. Akasema, "Nitatengeneza mwisho wa mwezi."

Mwezi haukuisha. Siku moja anashuka na mama mwenye mtoto mgongoni, gurudumu likayumba, wakaanguka. Mungu alisaidia, mtoto hakuumia. Lakini yule mama alivunjika mkono, na kaka alikaa wiki 6 bila kazi. Kumbe beringi mbili zisingefika hata pesa ya siku mbili za kazi!

NAMNA YA KUPIMA

1. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu liwe hewani. Kama ni la mbele, mwenzako akandamize nyuma.

2. Shika tairi juu na chini. Mkono mmoja usukume, mwingine uvute. Ukisikia "ka-ka" na gurudumu linacheza, beringi imechoka. Angalia vizuri: kama fok zote mbili zinacheza pamoja na gurudumu, huenda shida iko kwenye beringi za usukani.

3. Zungusha gurudumu huku mkono mwingine umeshika fok. Likikwaruza kama lina mchanga ndani, usingoje.

NAMNA YA KUBADILISHA

Fungua ekseli, toa gurudumu, na kumbuka kila bushi ilikaa upande gani. Toa sili ya vumbi. Katikati ya beringi mbili kuna bomba dogo. Lisukume pembeni kidogo kwa chuma, halafu gonga beringi ya upande wa pili polepole, ukizunguka, itoke sawasawa. Kinga macho yako, maana chuma kinaweza kuruka.

Soma namba iliyoandikwa kwenye beringi, usinunue kwa macho. Namba 6301 ina tundu la milimita 12, upana wa nje 37 na unene 12. Namba 6302 ni 15, 42 na 13. Zinafanana lakini haziingiliani. Ukiona herufi 2RS, maana yake imefunikwa kwa mpira pande zote mbili; hiyo inafaa kwa vumbi na matope yetu.

Safisha habu, ingiza beringi mpya. Hapa ndipo wengi wanakosea: gonga duara ya nje TU. Weka beringi ya zamani juu yake, ugonge hiyo. Ukigonga duara ya ndani, umeiharibu kabla ya safari ya kwanza. Usisahau kurudisha bomba la katikati kabla ya kuweka beringi ya pili. Bila bomba hilo, ukikaza nati ya ekseli unazibana beringi, nazo zinakufa haraka.

Badilisha zote mbili pamoja. Nyuma, pikipiki nyingi zina ya tatu, pale inapokaa sproketi ya cheni. Kabla ya kuondoka hakikisha nati imekazwa, gurudumu linazunguka laini na breki inashika. Ukiosha pikipiki, usielekeze maji ya nguvu kwenye habu.

NENO KWA FAMILIA

Kama hujawahi kufanya kazi hii, fanya mara ya kwanza pamoja na fundi. Lakini kupima, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kumsaidia baba yake Jumapili asubuhi.

Na sisi tunaobaki nyumbani, kijana akisema, "Leo siendi kazini, gurudumu linalia," tusimwite mvivu. Siku ile kaka aliogopa maneno yetu kuliko mteremko. Tule kidogo jioni moja, arudi mzima.

Mwalimu wenu wa kujitolea