"BOSI, NIMWACHIE NANI?"
Mzigo ukiachwa kwa jirani, ujirani hujengeka au hubomoka hapo hapo

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wanaliona dogo, kumbe limevunja urafiki wa miaka na miaka na kuwahamisha watu nyumba. Si mapenzi, wala si pesa za upatu. Ni mzigo ulioachwa kwa jirani!

Ile simu unaijua. Uko kazini Kariakoo, jasho linakutoka, mara inaita namba ngeni. Kumbe ni kijana wa bodaboda: "Bosi, nipo hapa kwako lakini mlango umefungwa. Nimwachie nani?"

Hapo una kama nusu dakika ya kuamua. Kijana ana haraka zake, jua linawaka na mteja mwingine anamsubiri. Unamjibu kama tunavyojibu wote: "Mwachie jirani hapo, mwambie ni wa kwangu." Unakata simu, roho kwatu, ukidhani mambo yamekwisha. Wapi! Ndiyo kwanza yanaanza.

KWA NINI KILA KITU KWA JIRANI?

Jamani, tusilaumiane bure. Sisi Watanzania hatujazoea mtu wa posta kugonga hodi mlangoni. Shirika la Posta lilianza kazi Januari 1, 1994, baada ya lililokuwa Shirika la Posta na Simu kugawanywa, likaurithi utaratibu ule ule wa S.L.P. Barua yako inakwenda kwenye sanduku, na wewe unaifuata na ufunguo wako. Wengi hata sanduku hawana, wanatumia la kazini, la shule au la kanisani.

Kwa hiyo vitu vya nyumbani vimekuwa vikisafiri kwa mikono ya watu. Mama yuko Kyela anafunga kiroba cha mchele, anaandika jina lako na namba ya simu kwa maka peni, anakipeleka ofisi ya basi, analipia na kupewa risiti. Kondakta anakiweka kwenye buti, safari inaanza. Mwingine anatumiwa ndizi kutoka Moshi, mwingine ndoo ya senene kutoka Bukoba. Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalipohamishiwa Mbezi Luis kutoka Ubungo, kwa mtu anayefanya kazi mjini kuufuata mzigo mwenyewe ni safari kamili. Ndiyo maana anatumwa wa bodaboda.

Ni kweli, mwaka 2022 kabla ya Sensa ilifanyika Operesheni ya Anwani za Makazi. Mitaa ikapewa majina, nyumba zikabandikwa namba, na tukaambiwa kila kata ina postikodi yake ya tarakimu 5. Jambo zuri sana. Lakini muulize kijana wa bodaboda kama anaitafuta namba ya nyumba yako. Atakuuliza: "Ni karibu na duka la Mangi au unavuka msikiti?" Na akifika, namba ya nyumba haiwezi kupokea kiroba. Anayepokea ni mtu.

NYUMBA YA VYUMBA SITA

Sasa twende kule kwetu uswahilini. Nyumba ina vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, katikati korido, nyuma uani kuna jiko na choo cha wote. Humo ndani mzigo hauna siri hata kidogo. Ukipita koridoni tu, watu wameshaupima kwa macho: huu mchele, tena wa Kyela, kilo ishirini hazipungui!

Hapo ndipo panapohitaji akili. Jirani aliyekupokelea kaacha nguo zake kwenye beseni, kafuta mikono, kabeba kiroba chako kizito na kukiingiza chumbani kwake, pengine chini ya kitanda anacholala. Jioni unakuja umechoka, unachukua mzigo, unasema "asante shoga," unafunga mlango. Usiku harufu ya wali wa mbeya inatambaa koridoni hadi puani kwake, na watoto wake wamelala na uji.

Hakuna sheria inayosema umpe. Yeye mwenyewe hatakudai. Lakini kesho kutwa bodaboda akija tena na kuuliza nimwachie nani, utasikia yule jirani "hayupo," wakati kapu lake la dagaa liko barazani na kanga yake inaning'inia kwenye kamba. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mizigo naona ni kinyume chake: kupokelewa ni harusi, kusahau fadhila ndiyo matanga.

Bakuli moja la mchele halikufilisi. Linamwambia mwenzio kwamba umeuona usumbufu wake.

SHERIA INASEMAJE?

Wako watakaosema, "Ah, mambo ya bakuli ni ya kina mama, mimi nataka kujua mzigo ukipotea analipa nani." Haya, sikiliza.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayomhusu mtu anayekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kisha airudishe. Msingi wake ni mwepesi: anatakiwa kuitunza kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo. Akifanya hivyo na bado mali ikapotea au ikaharibika, si kosa lake.

Maana yake ni nini? Tuseme jirani aliufungia mzigo wako chumbani kwake, akatia kufuli, wezi wakavunja na kukomba vyake na vyako. Huna cha kumdai, na ukianza kumdai unajitafutia aibu. Lakini akiwa aliuacha barazani mchana kutwa, yeye akaenda zake kwenye kibao kata, hapo ana maswali ya kujibu. Na yule aliyefungua kiroba, akapika, watoto wakashiba, kisha akakwambia "panya wa nyumba hii ni balaa," huyo lazima alipe. Alikabidhiwa kutunza, hakukabidhiwa kula.

Sheria hiyo hiyo inamtazama na mpokeaji. Kama amekutunzia bure na ikambidi atumie pesa yake kuulinda mzigo wako, unatakiwa umrudishie. Kanunua barafu samaki wako wasioze? Mlipe. Kamalizia nauli ya bodaboda uliyoipunja? Usingoje akukumbushe mbele za watu. Mtu mzima hakumbushwi.

VITU AMBAVYO HAVINGOJI

Mchele unaweza kukaa wiki. Kuna vitu lakini, kumwachia mtu bila kumwambia ni nini kilichomo ni hatari tupu. Samaki na maziwa kila mtu anavijua kwa harufu. Tatizo ni dawa.

Chukua mfano wa insulini, ile sindano ya wenye kisukari. Ambayo haijaanza kutumika inatakiwa ikae kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na isigande. Sasa bodaboda anaileta kwenye bahasha ya kaki. Jirani, kwa nia njema kabisa, anaiweka juu ya kabati, chini ya bati la Dar es Salaam mwezi wa pili! Au anayejua kwamba dawa inataka baridi anaitia kwenye sehemu ya kugandishia, pamoja na ubuyu wa barafu anaouza. Vyote viwili vinaiharibu. Jioni bibi anajichoma sindano, sukari haishuki, na watu wanaanza kutafuta mchawi.

Hapo nani wa kulaumiwa? Jirani hakuambiwa kitu. Kumwambia "ni dawa, weka kwenye friji, chini kule kusikoganda" kunachukua muda gani? Sekunde kumi. Hizo sekunde kumi ndizo zinazomlinda bibi yako.

JIRANI NAYE ANA HAKI YA KUKATAA

Sasa tumgeukie anayepokea, maana wengi tunamwona kama stoo isiyolipwa.

Ndugu yangu, mzigo usioujua ni wa kuogopa. Mirungi kule Kenya ni zao halali, inalimwa na kuuzwa mchana kweupe. Huku Tanzania ni dawa za kulevya kama bangi, na sheria ya mwaka 2015 haina utani. Mfuko ukikutwa chumbani kwako, askari hatakuuliza kwanza kama ni wa jirani. Atakuuliza kwa nini uko chini ya kitanda chako. Utajieleza, na pengine utaeleweka, lakini utakuwa umeshalala mahali usipopazoea.

Kwa hiyo mtu akikwambia "samahani, siwezi kupokea nisichokijua," usimwite mchawi wala mwenye roho mbaya. Ana mume, ana watoto na ana kodi ya nyumba. Ana haki hiyo.

Halafu kuna wajanja wa mjini. Mzigo umeshapokelewa vizuri, saa kumi anakuja kijana nadhifu: "Shikamoo mama, nimetumwa na dada wa chumba cha mbele, kasema nichukue mzigo wake." Mama wa watu, kwa ukarimu, anatoa. Jioni dada anarudi, hakumtuma mtu! Hapo ndipo kasheshe linapoanza, mpaka serikali ya mtaa. Mama, usione aibu kumwambia kijana asubiri, piga simu kwanza kwa namba unayoijua wewe, siyo anayokutajia yeye. Aliyetumwa kweli atasubiri.

WENZETU UINGEREZA NAO

Usidhani haya ni ya uswahilini tu. Uingereza, mtu akikosekana nyumbani, kifurushi chake kilikuwa kinarudishwa ofisini, anaachiwa kikaratasi mlangoni akakifuate. Mwaka 2012 ndipo msimamizi wa sekta hiyo, Ofcom, aliporuhusu Royal Mail kuacha vifurushi kwa majirani nchi nzima. Lakini walifanya kitu kimoja cha maana: asiyetaka vyake viachwe kwa jirani, au asiyetaka kupokea vya wenzake, anapewa stika ya kubandika mlangoni, na mleta barua anaiheshimu.

Sisi hatuna stika. Tuna midomo. Kuulizana mapema "ukiletewa mzigo nikupokelee?" hakugharimu hata shilingi.

SASA UFANYEJE?

Nimekuandalia haya machache, kata gazeti ubandike ukutani ukitaka:

1. Chagua mpokeaji kabla ya mzigo kuja. Mwombe mwenyewe, ana kwa ana. Usimwache akashtukizwa na bodaboda.

2. Mwambie ni kitu gani, cha nani na utakifuata saa ngapi. Ukichelewa, piga simu.

3. Mwambie mtuma mzigo afunge vizuri na kuhesabu. Kama ni viroba viwili, vitajwe viwili, na bodaboda akukabidhi kwa simu huku jirani anasikia. Picha moja ya simu kabla mzigo haujaingia ndani inazuia maneno mengi.

4. Malizana na bodaboda mwenyewe. Pesa za simu zipo, tuma. Usimfanye jirani kuwa mhasibu wako.

5. Fuata mzigo siku hiyo hiyo. Chumba chake si ghala, na ana wageni wake.

6. Pesa taslimu, vyeti na dhahabu usiviache kwa mtu yeyote, hata awe shoga yako wa kufa na kuzikana. Vifuate mwenyewe.

7. Ukikuta pungufu, usianze na kelele uani. Mwulize mtuma mzigo kwanza, kisha kondakta, kisha bodaboda. Mzigo umepita mikono mingi, na jirani ni wa mwisho kuushika. Wengi wametukana jirani asubuhi, mchana mama akapiga simu kutoka kijijini: "Mwanangu, yale maharage nilisahau kuyatia." Sasa utaokotaje maneno uliyokwisha kuyamwaga?

8. Toa kidogo. Bakuli la mchele, mkungu mdogo wa ndizi, hata maembe mawili. Kama mzigo si wa kuliwa, rudisha fadhila kwa njia nyingine: siku ya mzigo wake, pokea wewe.

Mpenzi msomaji, neno amana wengine wanalisikia msikitini na wengine kanisani, lakini kwenye korido ya vyumba sita linatuhusu wote. Ndugu zako wa damu wako Tukuyu, Rombo na Muleba. Nyumba ikishika moto usiku, mtoto akipandwa na degedege au uchungu ukikushika saa nane za usiku, atakayegonga mlango wako ni yule yule uliyemwachia kiroba. Mtunze kama anavyokutunzia.

Kwa leo naomba niishie hapo. Kama una mzigo kwa jirani tangu juzi, funika gazeti, nenda kauchukue. Na usiende mikono mitupu!